Sura ya Saba: Haleluya Moja, Rekodi Nyingi

Katika muziki wa kale wa Ulaya, pengine hakuna kazi iliyozoeleka Mbeya na Iringa kuliko Haleluya ya George Frideric Handel. Wakatoliki huiita Aleluya Kuu, na Walutheri na Wamoravian huijua kwa jina la Haleluya tu. Simfonia za Mozart na Beethoven huwafikia watu wa mikoa hii ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania kwa redio na kwa simu, lakini Haleluya wameiimba wenyewe, wakiwa wamesimama kwenye safu ya sauti yao, mbele ya mwalimu wa kwaya. Kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayofaa kuliko zote kwa anayetaka kujifunza kulinganisha rekodi. Ni fupi, ina sehemu zinazotambulika kwa urahisi, na imerekodiwa kwa namna zinazotofautiana sana. Aliyejifunza kuilinganisha hii ataweza baadaye kulinganisha simfonia ya dakika arobaini kwa utaratibu uleule.

Sura hii inaeleza kazi yenyewe ilivyojengwa, sababu za rekodi kutofautiana, rekodi chache za nje zilizo muhimu, hali ya rekodi za kwaya za nyumbani, na mwisho namna ya kusikiliza hadi mtu apate rekodi anayoipenda kwa sababu anazoweza kuzitaja.

Kazi yenyewe

Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, tarehe 23 Februari 1685. Alifanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake London, akafia huko tarehe 14 Aprili 1759. Haleluya ni kipande kimoja cha kazi yake kubwa iitwayo Messiah, aliyoiandika kati ya tarehe 22 Agosti na 14 Septemba 1741 juu ya maneno ya Biblia yaliyokusanywa na Charles Jennens. Messiah iliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742.

Messiah ina sehemu tatu. Ya kwanza inahusu unabii na kuzaliwa kwa Kristo, ya pili mateso, ufufuko na kuenea kwa Injili, ya tatu ufufuko wa wafu na uzima wa milele. Haleluya inafunga sehemu ya pili. Maneno yake yametoka Ufunuo 19:6, 11:15 na 19:16. Kwaya nyingi duniani huiimba Krismasi, lakini mahali Handel alipoiweka ni baada ya ufufuko, na hapo panaafikiana vizuri na desturi ya Kanisa Katoliki, ambalo hunyamazisha Aleluya kipindi chote cha Kwaresima na kuirudisha katika mkesha wa Pasaka. Msikilizaji anayejua hivyo atatarajia kutoka kwa rekodi nzuri furaha ya watu waliongoja kwa muda mrefu.

Kipande kina vipimo 94 na huchukua takribani dakika nne. Ufunguo wake ni D. Handel aliuhitaji ufunguo huo kwa ajili ya tarumbeta mbili na ngoma za timpani, kwani tarumbeta za wakati ule hazikuwa na vali na zililia vizuri katika D. Kwaya ina sauti nne. Chini yake kuna fidla za ukubwa mbalimbali na kinanda, na katika maonyesho ya London obo na basuni ziliongezwa kuikaza kwaya.

Masikio ya mwimbaji

Wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa misheni ya Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo kisha wakapanda kuelekea Ubena na Uhehe. Upande wa Iringa Wakatoliki waliletwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ikashikwa na Wakonsolata kutoka Italia, ambao Tosamaganga ilikuwa ngome yao. Madhehebu haya yalitofautiana kwa mengi, lakini yote yalifundisha kuimba. Wamoravian na Walutheri walikuja pia na bendi za tarumbeta. Huko Herrnhut, makao ya Wamoravian nchini Ujerumani, desturi ya kupiga tarumbeta na tromboni katika ibada ilikuwapo tangu karne ya 18.

Matokeo yake ni kwamba wasikilizaji wengi wa nyanda hizi wana masikio ya mwimbaji. Mtu amejifunza mstari wake kwa nota au kwa solfa, na rekodi inapopigwa huufuata mstari huo kwanza: wa sauti ya kwanza husikia soprano, wa sauti ya nne husikia besi. Huo ni mtaji mkubwa ambao wapenzi wengi wa muziki huu mahali pengine hawana. Una hatari moja pia. Mwimbaji wa sauti ya tatu anaweza kuisifu rekodi nzima kwa sababu teno wake wamesikika vizuri, na asigundue kwamba alto wamepotea. Utaratibu utakaoelezwa baadaye umepangwa ili mtaji huo utumike na hatari yake iepukwe.

Kwa nini rekodi hazifanani

Nota ni zilezile, lakini mambo sita huifanya kila rekodi kuwa na sura yake.

La kwanza ni idadi ya watu. Hesabu za makao ya watoto waliotelekezwa ya Foundling, London, ambako Handel aliisimamia Messiah kila mwaka katika uzee wake, zinaonyesha kwamba mwaka 1754 korasi ilikuwa na waimbaji 19 tu: wavulana sita na wanaume 13. Miaka 30 baadaye, mwaka 1784, Waingereza walimkumbuka Handel katika kanisa la Westminster Abbey kwa kundi la waimbaji na wapigaji zaidi ya 500. Mwaka 1857, katika jumba la Crystal Palace, kwaya ilifikia watu 2,000 na okestra 500. Rekodi za karne ya 20 zimerithi mapokeo hayo yote mawili, ya kundi dogo na ya umati.

La pili ni vyombo. Mwaka 1789 Mozart aliipanga Messiah upya kwa maneno ya Kijerumani, akaongeza filimbi, klarineti na tromboni. Waliomfuata waliongeza zaidi. Kuanzia katikati ya karne ya 20 wanamuziki wakaanza kurudi kwenye idadi na vyombo vya Handel mwenyewe.

La tatu ni kimo cha sauti. Vinanda vya leo vimewekwa La ya mitetemo 440 kwa sekunde. Uma wa kupimia sauti uliokuwa wa Handel hutoa mitetemo 422.5, na makundi mengi yanayotumia vyombo vya kale hutumia 415, yaani nusu hatua chini ya leo. Anayejaribu kupiga kinanda sambamba na rekodi ya aina hiyo ataona havipatani, akidhani rekodi ina kasoro. Kasoro haipo. Kwaya imewekwa chini kwa makusudi, na matokeo yake soprano hupumua na hawapigi kelele juu kabisa.

La nne ni mwendo. Rekodi za haraka huimaliza Haleluya kwa dakika tatu na nusu hivi, za taratibu hukaribia nne na nusu. Tofauti ya dakika moja katika kipande kifupi hivyo hubadili tabia yake yote: mwendo wa haraka huleta shangwe ya kucheza, wa taratibu huleta enzi.

La tano ni lugha. Maneno ya Kiingereza Handel aliyapa nota kwa kufuata mkazo wake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mara nyingi huhitaji silabi nyingi zaidi. Penye nota tatu za Kiingereza kwa ajili ya cheo cha Mfalme wa Wafalme, Kiswahili kina silabi karibu saba. Mfasiri hana budi kuigawanya nota ndefu au kutafuta maneno mafupi, na kila kwaya huliamua jambo hilo kwa namna yake.

La sita ni mahali. Kanisa kubwa la matofali, kama lile la zamani la Tosamaganga, hurudisha sauti kwa muda mrefu. Mwendo wa haraka mno ndani yake huyachanganya maneno. Studio ndogo iliyofunikwa vitambaa hufanya kinyume: kila neno linasikika, lakini kwaya haina hewa kuizunguka.

Rekodi za nje zinazofaa kuanzia

Rekodi za Messiah ni nyingi mno kuzimaliza. Hizi tano zinatosha kuonyesha upana wa jambo, na kila moja inawakilisha njia yake.

Thomas Beecham alianza kuirekodi Messiah mwishoni mwa miaka ya 1920, katika santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri kubwa ulibeba dakika nne hivi, urefu unaokaribiana na wa Haleluya nzima. Rekodi yake inayosikilizwa zaidi leo ni ya mwisho, ya mwaka 1959, pamoja na okestra ya Royal Philharmonic. Ndani yake okestra imepangwa upya na Eugene Goossens ikawa na tromboni, matoazi na pembetatu ya chuma. Ni Haleluya ya sherehe ya taifa, yenye shaba inayowaka. Anayependa tarumbeta za Rungwe ataielewa mara moja.

Otto Klemperer, pamoja na Philharmonia mwaka 1964, anashika njia ya enzi. Mwendo ni mpana, besi ni nzito, na kila sauti inapewa nafasi ya kusimama. Kwa mwalimu wa kwaya anayetaka wanafunzi wake wasikie jinsi sauti nne zinavyopangana, rekodi hii ina faida ambayo rekodi za haraka hazina.

Colin Davis, pamoja na London Symphony mwaka 1966, alipunguza kwaya na kuongeza wepesi. Vyombo bado ni vya kisasa na kimo ni cha kisasa, lakini maneno yanaruka. Wengi waliozoea umati waliisikia Messiah kama kazi mpya. Kwa msikilizaji anayeanza, huyu ndiye daraja bora, kwa sababu hakosi nguvu wala hakosi uwazi.

Christopher Hogwood, mwaka 1980, alitoa rekodi ya Messiah ya mwaka 1754 pamoja na kundi lake la Academy of Ancient Music na kwaya ya kanisa la Christ Church, Oxford. Vyombo ni vya namna ya kale, na soprano ni wavulana. Sauti zao ni nyembamba na safi. Aliyezoea soprano ya akina mama itamchukua muda kuipokea, na ni vema ajipe muda huo kabla ya kuhukumu.

John Butt, pamoja na Dunedin Consort mwaka 2006, alirudi kwenye Messiah ya Dublin ya 1742 kwa waimbaji wachache sana. Hapa karibu kila mwimbaji anasikika kama mtu. Haleluya inakuwa mazungumzo ya majirani, si tangazo la umati. Kwaya ndogo za vigango na mitaa, zenye watu kumi au kumi na watano, zinaweza kujifunza kutoka rekodi hii kwamba uchache si udhaifu.

Rekodi za nyumbani

Kwaya za Tanzania zimerekodi Haleluya kwa Kiswahili kwa kila njia iliyopatikana: kaseti, kisha CD na DVD, na sasa mtandaoni. Rekodi hizi hazipaswi kuwekwa pembeni na mlinganishaji kwa sababu hazina okestra. Zinajibu swali ambalo rekodi za London haziwezi kulijibu: kazi hii inasikikaje katika lugha ya wanaoisali?

Zinaangukia mafungu matatu. Fungu la kwanza ni rekodi za studio, ambamo kinanda cha umeme hushika nafasi ya okestra nzima. Mpiga kinanda mzuri huchagua sauti ya ogani, akaacha kwaya itawale. Asiye makini huweka sauti za fidla za kubuni na mdundo wa ngoma wa mashine, na mdundo huo hukataa kusubiri pale muziki unapotaka pumzi. Fungu la pili ni rekodi za ibada: Pasaka, upadrisho, kuwekwa wakfu askofu, jubilei. Ubora wa sauti hupungua, kwa sababu kinasa sauti huwa kimoja au ni simu tu, lakini moto wa waimbaji huwa mkubwa. Fungu la tatu ni kwaya pamoja na bendi ya tarumbeta, na hapo kuna ladha ambayo Handel mwenyewe angeitambua, maana ni tarumbeta alizozikusudia.

Hali ya hewa ya nyanda za juu huingia pia kwenye rekodi. Vyombo vya kupulizwa hushuka kimo kwenye baridi. Asubuhi ya Juni au Julai mjini Mbeya, bendi isiyojipasha moto italia chini kidogo ya kinanda cha umeme, ambacho hakijali baridi. Katika rekodi, hilo husikika kama mvutano kati ya tarumbeta na kwaya. Msikilizaji anayelijua atatofautisha kasoro ya hali ya hewa na kasoro ya mpigaji. Mvua juu ya paa la bati nayo imeharibu rekodi nyingi za Machi na Aprili, hasa Rungwe, mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini.

Katika kulinganisha rekodi za nyumbani, maneno yapewe uzito wa pekee. Neno haleluya lenyewe linatoa mtihani. Mdundo wa Handel hukaa muda mrefu juu ya silabi ya kwanza, ilhali msemaji wa Kiswahili hukazia silabi ya tatu. Kwaya iliyofundishwa vizuri huiacha silabi ya kwanza iwe ndefu kama ilivyoandikwa bila kuipiga teke, na hutamka zilizobaki wazi. Kwaya isiyofundishwa hukazia mahali pawili, na mstari hukatika.

Vituo sita vya kusikilizia

Kusikiliza kipande kizima na kusema kimependeza hakumfikishi mtu mbali. Inafaa kuwa na vituo maalumu, vilevile kwa kila rekodi.

Kituo cha kwanza ni utangulizi wa vyombo, vipimo vitatu kabla kwaya haijaingia. Hapa mwendo unatangazwa. Swali ni hili: je, kwaya inapoingia inaupokea mwendo huo, au inauvuta nyuma?

Kituo cha pili ni mstari wa pamoja, pale kwaya yote inapoacha kuimba sauti nne na kuimba lahani moja juu ya utawala wa Bwana, kisha ikajibiwa na haleluya za haraka. Sauti nne zinapaswa kuwa sauti moja kweli. Katika kwaya dhaifu, mstari huu hufichua nani anaimba juu na nani chini ya kimo.

Kituo cha tatu ni maneno ya Ufunuo 11:15 juu ya ufalme wa dunia. Kwaya nyingi huyaanza kwa sauti ya chini, kisha hufungua nguvu inapotajwa enzi ya Kristo. Mtihani ni kama sauti ya chini bado ina uhai, na kama nguvu inayofuata inatoka ndani ya muziki au ni kelele iliyoongezwa ghafla.

Kituo cha nne ni mlango wa fuga: besi wanaanza peke yao, wakifuatwa na teno, kisha alto, kisha soprano, kila sauti na mstari uleule. Hapa msikilizaji aulize kama kila sauti inasikika inapoingia, na kama iliyotangulia inapisha. Hapo pia ndipo rekodi nyingi hupoteza alto.

Kituo cha tano ni Mfalme wa Wafalme. Sauti za juu hushika nota ndefu huku sauti za chini zikijibu kwa haleluya na milele. Nota hiyo hupanda ngazi kwa ngazi, kwa solfa do, re, mi, hadi fa ya juu. Mwongozaji mwenye busara huitunza nguvu ili kila ngazi iwe kubwa kuliko iliyotangulia. Aliyeitumia yote kwenye do hana cha kuongeza kwenye fa. Kituo hiki peke yake hutosha kutenganisha rekodi nzuri na rekodi kubwa.

Kituo cha sita ni ukimya kabla ya haleluya ya mwisho. Muziki unakatika ghafla, kimya kinakaa, kisha kwaya inaimba haleluya moja ya taratibu. Urefu wa ukimya huo ni uamuzi wa mwongozaji. Ukiwa mfupi mno, mwisho hauna uzito. Ukiwa mrefu mno, nguvu iliyojengwa kwa dakika nne inamwagika. Katika kanisa lenye mwangwi, mwongozaji husubiri sauti ya awali iishe kutembea kwenye kuta. Katika studio kavu, ukimya uleule husikika mrefu zaidi.

Utaratibu wa kulinganisha

Rekodi nne au tano zinatosha kwa mzunguko mmoja. Zikizidi, masikio huchoka na ya mwisho huhukumiwa isivyo haki. Inafaa fungu liwe na angalau rekodi moja ya kwaya kubwa, moja ya vyombo vya kale na moja ya Kiswahili.

Kifaa kinachosikilizwa kina uzito wake. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini, hivyo sauti ya nne na timpani hupotea, na rekodi yenye besi nzuri huonekana tupu. Sabufa iliyofunguliwa mno hufanya kinyume: besi inameza alto na teno. Hedfoni za kawaida, au redio yenye spika mbili zilizowekwa sawa, ni bora. Jambo muhimu kuliko ubora wa kifaa ni kutumia kifaa kilekile kwa rekodi zote.

Sauti isawazishwe pia. Sikio la binadamu huelekea kuipenda rekodi inayosikika kwa nguvu zaidi hata kama tofauti ni ndogo. Rekodi za zamani huwa chini kidogo, na za ibada hupanda na kushuka, kwa hiyo kabla ya kila rekodi sauti irekebishwe kwa mstari wa pamoja wa kituo cha pili. Anayetumia mtandao apakue rekodi mapema, kwani bando likiyumba muziki hukatika mahali pabaya na hukumu huharibika.

Usikilizaji wenyewe una awamu tatu. Katika awamu ya kwanza kila rekodi husikilizwa nzima mara moja bila kuandika, ili kupata picha ya jumla. Katika awamu ya pili rekodi husikilizwa kwa vituo, na maelezo mafupi huandikwa kwa kila kituo. Alama za namba zinaweza kuongezwa, lakini maneno ndiyo yanayobaki na maana: "alto hawasikiki kituo cha nne" humfundisha mtu zaidi kuliko sita juu ya kumi. Katika awamu ya tatu msikilizaji hufuata sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, akianza na sauti asiyoiimba. Wa besi amfuate alto, wa soprano amfuate teno. Hapo ndipo mazoea ya safu yake hupoteza nguvu ya kumpotosha.

Mpangilio ubadilishwe kati ya siku na siku, kwa sababu rekodi ya kwanza huwa kipimo cha zinazofuata bila mtu kutaka. Njia nzuri zaidi ni mwingine kupiga rekodi bila kutaja majina. Jina la London huinua hukumu kabla ya nota ya kwanza, na jina la kwaya ya jirani huishusha au kuipandisha kwa sababu zisizo za muziki. Kwaya ikifanya zoezi hili pamoja, kila mmoja aandike kwanza kabla ya kuzungumza, la sivyo maoni ya mwalimu yatakuwa maoni ya wote.

Kufikia uamuzi

Baada ya awamu hizo, maelezo ya vituo sita huwekwa upande kwa upande. Mara nyingi hakuna rekodi inayoshinda kila mahali. Moja itakuwa na fuga iliyo wazi, nyingine itakuwa na ngazi za Mfalme wa Wafalme zisizo na mfano, ya tatu itakuwa na maneno yanayomgusa msikilizaji kwa sababu ni ya lugha yake. Uamuzi unahitaji mtu ajiulize kituo gani kina uzito zaidi kwake, na kwa nini. Anayeona moyo wa kipande uko kwenye kituo cha tano atachagua tofauti na anayeuona kwenye cha nne, na wote wawili wanaweza kuwa na haki, mradi kila mmoja anaweza kuonyesha mahali kwenye muziki panapoibeba sababu yake.

Inafaa pia kutenganisha mahitaji. Rekodi ya kufundishia kwaya inataka uwazi wa sauti nne na mwendo usiokimbia, kwa hiyo njia ya Klemperer au ya kwaya ya Kiswahili iliyorekodiwa vizuri itafaa. Rekodi ya kusikiliza nyumbani inaweza kuwa ya haraka na nyepesi, kama ya Davis. Rekodi ya kujua Handel alikusudia nini itatafutwa kwa Hogwood au Butt. Kanisa linalopanga Pasaka yenye bendi ya tarumbeta lina mengi ya kuchukua kwa Beecham. Mtu mmoja anaweza kuwa na rekodi mbili au tatu, kila moja kwa kazi yake, na bado akajua ipi angebaki nayo akiambiwa abaki na moja.

Uamuzi wa kwanza uachwe kwa wiki kadhaa, kisha rekodi mbili za juu zisikilizwe tena, safari hii zikiwa ndani ya Messiah yote au angalau zikitanguliwa na vipande vya mwisho vya sehemu ya pili. Haleluya inayosikika bora peke yake wakati mwingine huchosha inapokuja baada ya muziki mwingi, na nyingine iliyoonekana ya kawaida hupata uzito wake wote inapofika mahali pake. Rekodi inayosimama katika mitihani yote miwili, peke yake na ndani ya kazi nzima, ndiyo inayostahili kuitwa kipenzi. Maelezo yaliyoandikwa yahifadhiwe, kwa sababu kwaya inapofundishwa kazi hiyo mwaka unaofuata, kila udhaifu ulioandikwa dhidi ya rekodi ni jambo la kufanyia mazoezi.